Mikato milioni moja kwa shilingi 2,500: hesabu ya kisu cha kwanza jikoni

Mpishi anayeanza leo pale Galu, pwani ya kusini ya Kenya, akiwa na watu wanne wa kuwapikia kila siku, atateremsha kisu kwenye ubao zaidi ya mara milioni moja kabla ya miaka mitano kuisha. Yeyote mwenye rula anaweza kuihakiki hesabu hiyo jikoni kwake.

Kitunguu cha wastani kina kipenyo cha sentimita 7. Ukikipasua katikati na kukikata kwa unene wa milimita 3, kila nusu inapitiwa na kisu mara 23, kitunguu kizima mara 46. Vitunguu viwili vya mchuzi ni mikato 92. Nyanya tatu, kila moja vipande kumi, ni 30. Karoti mbili za sentimita 20, kwa unene ule ule, ni 132. Kisha inakuja sukuma wiki, ambayo ndiyo kazi kubwa kuliko zote: majani yakikunjwa pamoja yakafika urefu wa sentimita 30, na ukayakata membamba ya milimita 2, mkunjo mmoja ni mikato 150, na mikunjo miwili ni 300. Ongeza limau na pilipili, jumla inafika 560 kwa siku. Kwa mwaka ni 204,400. Kwa miaka mitano ni 1,022,000.

Hiyo ndiyo kazi inayokingoja kisu chako. Wengi wanaoanza kupika huuliza kisu kipi ni kizuri na ni cha bei gani. Swali hilo lina nusu tu ya jibu, kwa sababu hakuna kisu kinachofikisha mikato milioni moja na makali ya dukani. Kisu cha shilingi 200 kitakuwa butu, na cha shilingi 20,000 kitakuwa butu vilevile, ila kwa kasi tofauti. Mwaka 2020 watafiti wa chuo cha MIT, Marekani, walionyesha kwamba hata nywele, ambayo ni laini mara 50 kuliko chuma cha wembe, hufika mahali ikaumega ukingo wa wembe huo. Ikiwa nywele yaweza hayo, usishangae kuona sukuma wiki na ubao vikikimaliza kisu. Kwa hiyo anayeanza anapaswa kupanga fedha za vitu vitatu kwa pamoja: kisu, kinoo cha kukinolea, na ubao wa kukatia. Atakayemwaga bajeti yote kwenye kisu peke yake atakuwa amenunua makali ya mwezi mmoja.

Njia nne za kutumia fedha

Bei nitakazotumia hapa ni za mfano, za kurahisishia hesabu. Ukifika madukani Ukunda, weka bei utakazotajiwa. Uwiano ndio wa kuangaliwa.

Njia ya kwanza ni ya kisu cha shilingi 250 kisichonolewa. Kinakata vizuri wiki chache, kisha kinaburuzwa mpaka mwenyewe anachoka na kununua kingine baada ya miezi sita. Kwa miaka mitano ni visu 10, yaani shilingi 2,500.

Njia ya pili ni kisu kimoja cha shilingi 1,500, kinoo cha pande mbili cha duka la vifaa vya ujenzi kwa 400, na ubao wa mti wa 600. Jumla ni shilingi 2,500 vilevile, na mwisho wa miaka mitano kisu bado kipo kazini.

Njia ya tatu ni seti ya visu ndani ya kibweta chake, shilingi 4,500.

Njia ya nne ni kisu kigumu cha Kijapani cha shilingi 12,000 na mawe yake ya kunolea ya 3,500, jumla 15,500.

Gawanya kwa siku 1,825 za miaka mitano. Njia ya kwanza na ya pili zinagharimu shilingi 1.37 kwa siku, ya tatu 2.47, na ya nne 8.49. Katika njia ya pili, senti moja inanunua mikato minne. Njia ya kwanza na ya pili zimelingana kwa fedha, ila mmoja ameishi miaka mitano na kisu butu na mwingine na kisu kikali. Tofauti yao ni jiwe la shilingi 400 na nia ya kulitumia.

Kuna mtu hana 2,500 kwa mara moja, na huyo asikate tamaa. Anunue kisu kile kile cha 250, aongeze kinoo cha 400 na ubao wa 600: jumla 1,250, nusu ya bei. Atakachokosa ni muda. Chuma laini cha kisu rahisi hupoteza makali haraka, kwa hiyo tuseme atanoa kila wiki dakika 15, ambazo ni saa 13 kwa mwaka. Mwenye kisu cha 1,500 atanoa mara mbili kwa mwezi, saa 6 kwa mwaka. Tofauti ni saa 7 kwa mwaka, saa 35 kwa miaka mitano. Zile shilingi 1,250 za ziada, basi, zinanunua saa 35 za mapumziko, kila saa kwa shilingi 36 hivi. Kwa mwenye kazi ya kutwa hiyo ni bei nzuri ya kulipa. Kwa kijana aliye kwenye mafunzo, mwenye muda kuliko fedha, kisu cha 250 na kinoo ni mwanzo wa heshima kabisa, na saa hizo 35 zitamfundisha mkono.

Seti ya vipande 12 ina visu vitatu

Seti ndiyo inayowavuta wengi, hasa anayeandaa nyumba mpya au kotej ya wageni. Hesabu vipande kabla ya kulipa. Katika seti ya 12 ya kawaida, visu vya mezani vya kukatia nyama ni 6, mkasi ni 1, fimbo ya kunyooshea makali ni 1, na kibweta chenyewe huhesabiwa kipande. Ukivitoa vimebaki vitatu vya kupikia. Shilingi 4,500 ukizigawa kwa vitatu, kila kimoja kimekugharimu 1,500, bei ya kisu kimoja kizuri ulichojichagulia mwenyewe. Na hivyo vitatu hukuvishika mkononi kujaribu uzito, wala hukuuliza chuma chake.

Anayeanza anahitaji visu viwili tu. Cha kwanza ni kisu kikubwa cha mpishi, cha mboga, nyama na samaki. Cha pili ni kijisu cha sentimita 8 hadi 10, cha kumenya viazi na muhogo, kutoa utumbo wa samaki na kuondoa vikonyo. Kijisu hicho kinaweza kuwa cha bei ya chini kabisa. Cha tatu, kikihitajika, ni cha meno kwa ajili ya mkate. Cha nne, kwa anayetaka kutoa minofu ya samaki kila siku, ni kisu chembamba kinachopinda kidogo, cha sentimita 15 hadi 20. Kila kimoja kinunuliwe pale kazi yake inapotokea.

Namba zilizoandikwa kwenye bapa

Chuma cha kisu ni hesabu ya vitu viwili hasa: kaboni, inayokipa ugumu, na kromiamu, inayokikinga na kutu. Chuma huanza kuitwa kisichoshika kutu kikiwa na kromiamu isiyopungua asilimia 10.5. Agosti 1913, mjini Sheffield, Uingereza, Harry Brearley aliyeyusha chuma chenye kromiamu asilimia 12.8 na kaboni asilimia 0.24, akitafuta chuma cha mitutu ya bunduki kisicholika haraka. Mafundi visu wa Sheffield mwanzoni hawakukithamini, wakiona hakishiki makali.

Visu vingi vizuri vya jikoni vya leo vina kaboni maradufu ya hiyo. Alama utakayoikuta mara nyingi kwenye bapa la visu vya Kijerumani na vya Kiswisi ni X50CrMoV15, nayo inasomeka hivi: 50 ni kaboni, asilimia 0.50, 15 ya mwisho ni kromiamu, asilimia 15, Mo na V ni molibdenamu na vanadiamu, viungo vidogo vya kuimarisha. Chuma hicho, kikishachomwa na kupozwa inavyotakiwa, hufika ugumu wa takriban 55 hadi 58 katika kipimo cha Rockwell C. Visu vigumu vya Kijapani vyenye chuma kama VG-10, ambacho kina kaboni karibu asilimia 1, hufika 60 na kupita. Visu rahisi visivyo na alama yoyote mara nyingi viko chini ya 55.

Kuna alama nyingine ya kujihadhari nayo: 18/10 au 18/8. Hiyo ni sifa njema kwa sufuria na vijiko, kwa kuwa ina maana ya kromiamu asilimia 18 na nikeli 10 au 8. Lakini chuma cha aina hiyo hakigumishwi kwa moto, kwa hiyo bapa lake halitashika makali. Beba sumaku ndogo, hata iliyotolewa kwenye spika ya redio iliyokufa. Chuma cha kisu kilichogumishwa huinasa sumaku barabara. Bapa likiikataa, rudisha kisu kwenye rafu.

Je, ugumu wa 60 si bora kuliko 56? Kwa anayekata minofu laini kwenye ubao laini, naam. Kisu kigumu hukaa na makali muda mrefu na hukubali kunolewa kwa pembe nyembamba. Lakini chuma kinapozidi ugumu huzidi pia kuwa rahisi kumegeka. Angalia kinachopita kwenye ubao wa jiko la Galu kwa wiki moja: kichwa cha nguru, mbavu za kuku, muhogo mkavu, papai, na wakati mwingine mtu akaamua kuvunja nazi kwa kisu kilicho karibu. Mfupa ambao kisu cha 56 kitaugonga na kupinda ukingo kidogo, kisu cha 61 kitaugonga na kumegeka. Ukingo uliopinda hunyooka kwa dakika moja; uliomegeka unadai kusagwa chuma mpaka pengo liishe. Kwa mikono inayojifunza, 55 hadi 58 ndipo mahali pake. Na nazi ivunjwe kwa mgongo wa panga.

Galu yenyewe si mgeni wa hesabu hizi za chuma. Mwanaakiolojia Mkenya Chapurukha Kusimba ameandika juu ya mabaki ya kuyeyushia chuma yaliyopatikana hapo hapo Galu, ya zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Naye mwanajiografia al-Idrisi, katika kitabu alichokimaliza mwaka 1154, alikitaja chuma cha pwani hii, akisema machimbo yake yalikuwa tegemeo kubwa la biashara ya Malindi. Wapishi wa pwani walikuwa na wahunzi wa kuwauliza. Mhunzi wa jua kali wa leo anayefua kisu kutoka springi ya gari anatumia chuma chenye kaboni ya asilimia 0.6 hivi, cha kutosha kabisa kushika makali. Upungufu wake ni mmoja: kromiamu yake kwa kawaida haifiki asilimia 1. Kikiachwa na maji usiku, kitaamka na madoa mekundu.

Bei ya kuishi karibu na bahari

Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi gramu 35. Msimu wa kusi, upepo unapovuma kutoka kusini-mashariki na mawimbi yakapasuka mwambani, matone madogo ya chumvi hiyo hubebwa hadi nchi kavu, na jiko lililo wazi upande wa ufuo huyapokea yote. Kinachokikinga kisu ni utando wa oksaidi ya kromiamu wenye unene wa nanomita chache tu. Kloridi iliyomo kwenye chumvi huutoboa utando huo hapa na pale, na kutu ikaanza kuchimba vishimo vidogo. Ndiyo maana kisu kilichoandikwa kwamba hakishiki kutu kinaweza kuonyesha madoa ya kahawia hapa pwani, ilhali mwenzake wa Nairobi anang'aa.

Mambo matatu yanaharakisha uharibifu huo, na yote matatu yanaepukika bila gharama. La kwanza ni kukiacha kisu na maji ya limau na chumvi baada ya kutia samaki viungo. La pili ni kukiloweka pamoja na vitambaa kwenye dawa ya kung'arishia yenye klorini, jambo linalofanyika sana jikoni mwa nyumba za wageni kwa nia njema ya usafi. La tatu ni kukirudisha kwenye ala au kibweta kikiwa na umaji. Osha, suuza kwa maji matamu, futa kwa kitambaa kikavu. Sekunde 20. Ukivifuta visu viwili mara mbili kwa siku, ni saa 8 kwa mwaka, na hiyo ndiyo bima ya kutu yenye thamani kuliko asilimia mbili za kromiamu za ziada.

Hapa pia ndipo mpini unapopimwa. Tazama pale bapa linapoingia kwenye mpini. Sehemu ya chuma iliyozama ndani huitwa msuka. Msuka mrefu uliofika mwisho wa mpini unatoa uimara, lakini kwa anayeishi pwani jambo kubwa zaidi ni kwamba pasiwe na upenyo. Pitisha ukucha kwenye maungio. Ukucha ukinasa, maji ya samaki yataingia humo, msuka utaoza kwa kutu mahali usipopaona, na mti utavimba hadi misumari ilegee. Mpini wa plastiki ulioyeyushiwa moja kwa moja juu ya msuka hauna upenyo huo. Si wa kupendeza kama wa mti, lakini mabucha hawaukumbatii bure.

Urefu na uzito

Kisu cha mpishi kinachouzwa zaidi ni cha inchi 8, yaani sentimita 20. Sababu yake ipo kwenye kabeji. Nusu ya kabeji yenye upana wa sentimita 18, ikikatwa kwa milimita 3, inataka mikato 60. Kisu cha sentimita 20 kinaivuka kwa pigo moja. Kisu cha sentimita 13 hakiivuki, kwa hiyo kila mkato unakuwa miwili, na kazi inakuwa 120. Mwenye mkono mdogo au ubao mdogo achukue sentimita 18, bado ataivuka. Kuzidi 20 hakuna faida kwa anayeanza, maana ncha ya kisu itakuwa mbali na jicho na itatokeza nje ya ubao. Ubao wenyewe uwe na urefu wa sentimita 35 au 40, wa mti au plastiki. Ubao wa kioo usikanyage jikoni mwako, kwa kuwa kioo ni kigumu mno kwa ukingo wa kisu, na kila mkato ni kama kukipiga kisu kwenye jiwe.

Kuhusu uzito, kisu cha sentimita 20 kilichokatwa kutoka bati la chuma huwa gramu 170 hadi 200; kilichofuliwa, chenye shingo nene, hufika 230 hadi 270. Chukua tofauti ya gramu 70. Kwa mikato 560 kwa siku, mkono wenye kisu kizito unainua kilo 39 zaidi. Wapo wanaopenda uzito huo usaidie kusukuma makali chini, na hawajakosea. Lakini anayejifunza huchoka haraka, na mkono uliochoka ndio unaoteleza. Kishike dukani kwa namna utakavyokatia: kidole gumba na cha shahada vikiubana ubapa pale unapokutana na mpini, vitatu vilivyobaki vikiushika mpini. Kama mgongo wa kisu unakuchoma vidole baada ya dakika moja, utakuumiza baada ya kabeji la pili.

Dakika 15 za kinoo

Hili ndilo somo lililofichwa na bei kubwa, na halimshindi mtu.

Lowesha kinoo kwa maji na ukiweke juu ya kitambaa kibichi kisiteleze. Upande wa chembe za wastani, namba 1000 kama kimeandikwa, una chembe za upana wa maikroni 15 hivi. Unywele wa mtu hukaribia 70. Laza kisu, kisha inua mgongo wake. Kiasi gani? Kwa pembe ya nyuzi 20 na bapa la upana wa milimita 45, mgongo unainuka milimita 15 kutoka kwenye jiwe, takriban unene wa kidole kidogo cha mkono. Kwa nyuzi 15 ni milimita 12. Anza na milimita 15, uzizoee.

Sukuma kisu kana kwamba unachuna ganda jembamba la jiwe, kutoka kisigino hadi ncha, mara kumi. Kisha papasa upande wa pili wa makali kwa kidole gumba, ukienda kutoka mgongoni kuelekea nje, usiufuate ukingo kwa urefu wake. Ukihisi kijiukingo chembamba kinachokwaruza, chuma cha upande huu kimekwisha kufika mwisho. Usipokihisi, rudia mara kumi. Geuza, fanya upande wa pili hadi kijiukingo kihamie huku. Malizia kwa mapigo mepesi matano kila upande kwenye uso laini wa kinoo. Jaribu kwa nyanya: kisu kikiingia kwenye ganda kwa uzito wake, bila kukandamiza, kazi imekwisha. Kikiteleza, rudi kwenye jiwe. Kuteleza huko kwenye nyanya ndiko kunakokata vidole, maana kisu butu hukulazimisha kukandamiza, na kinapoponyoka kinakwenda na nguvu zako zote.

Kati ya siku za kunoa, fimbo ya chuma kama ile ya buchani hunyoosha ukingo uliopinda. Mapigo manne kila upande kabla ya kupika yanatosha. Fimbo hiyo hainoi kisu kilichokwisha kuwa butu kabisa.

Na fundi wa kunoa mwenye gurudumu la baiskeli? Tuseme analipwa shilingi 50, naye unamwita kila wiki mbili. Ni mara 26, shilingi 1,300 kwa mwaka, 6,500 kwa miaka mitano, dhidi ya kinoo cha 400. Zaidi ya fedha, gurudumu linalozunguka kwa kasi hula chuma kingi na hutoa joto. Ukingo ukibadilika rangi kuwa kahawia au samawati, joto limepanda vya kutosha kukilainisha chuma pale pale penye makali. Fundi huyo ana nafasi yake: mwite kisu kinapomegeka au kuvunjika ncha, na mwombe atumie maji.

Hasara isiyoandikwa kwenye risiti

Kisu butu kinadai fedha kila siku, ila hakitoi risiti. Anza na muda. Tuseme kila mkato unachelewa nusu sekunde tu kwa sababu kisu kinaburuza. Kwa mikato 560 ni sekunde 280 kwa siku, na kwa mwaka ni saa 28. Kunoa mara mbili kwa mwezi kunachukua saa 6. Anayesema hana muda wa kunoa anapoteza saa 22 kila mwaka.

Kisha njoo kwenye samaki. Tuseme umenunua kolekole wa kilo 2 kwa shilingi 600 kwa kilo, yaani 1,200. Samaki mzima wa namna hiyo, ukimtoa kichwa, mifupa, utumbo na ngozi, hubakisha mnofu wa karibu asilimia 45: gramu 900. Kila gramu ya mnofu, basi, imekugharimu shilingi 1.33. Kisu butu kikiacha gramu 50 tu zimeng'ang'ania uti wa mgongo, umeacha shilingi 67. Mara mbili kwa wiki, mwaka mzima, ni karibu shilingi 7,000. Nyumbani si hasara yote, kwa sababu mifupa inakwenda kwenye supu. Lakini anayewapikia wageni wa kotej, anayetoa minofu ya kilo 10 za samaki kwa siku, kwa uwiano ule ule anaacha gramu 250, shilingi 333 kwa siku. Akifanya kazi siku 300 kwa mwaka, ni shilingi 100,000. Mwajiri anayekataa kununua kinoo cha 400 kwa ajili ya jiko lake hajaifanya hesabu hii.

Vipi kuhusu kuagiza nje?

Vijana wengi wanaoingia kazini hotelini huviona visu vya bei kubwa mikononi mwa wapishi wakuu, wakatamani kuagiza. Waijue hesabu kabla ya kubonyeza kitufe. Chini ya ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, bidhaa zilizokamilika kwa kawaida hutozwa asilimia 25. Juu ya jumla hiyo inakuja kodi ya ongezeko la thamani ya Kenya, asilimia 16. Kisu ambacho bei yake pamoja na usafiri ni shilingi 5,000 kinaongezeka 1,250 za ushuru, kisha 1,000 za kodi, kinafika 7,250 kabla ya ada nyingine ndogo. Ni ongezeko la asilimia 45, na kikija na kasoro, gharama ya kukirudisha ni yako. Kisu cha aina ile ile ya chuma kilichopo dukani, unachoweza kukishika, kukitia sumaku na kupitisha ukucha kwenye mpini wake, kina thamani ambayo picha haina.

Nikiulizwa na mtu anayeanza wiki hii, nitamwambia agawe fedha zake hivi, ziwe 2,500 au 5,000: asilimia 60 kisu cha sentimita 20, chuma chenye kaboni ya karibu 0.5 na kromiamu 13 hadi 15, mpini usio na upenyo. Asilimia 16 kinoo. Asilimia 24 ubao. Akiwa na kidogo sana, aipunguze sehemu ya kisu, asiiguse ya kinoo. Na vyuo vinavyofundisha upishi hapa pwani, pamoja na hoteli zinazopokea wanagenzi, viweke kunoa katika wiki ya kwanza, kabla ya kufundisha mchuzi wowote. Kinolewacho hupata, walisema wazee, na walikuwa sahihi kwa hesabu: mwanafunzi aliyejua kinoo atafanya kazi nzuri kwa kisu chochote atakachokuta jikoni atakakoajiriwa, na hilo ndilo linalomfanya mtu awe mpishi wa kutegemewa tangu mwezi wake wa kwanza wa mshahara.